Hodi Iliyotoka Ukutani

Mume wangu alikuwa ameshazikwa niliposikia anapiga hodi.

Najua mtasema ni uchungu wa msiba, usingizi mchache, mawazo mengi. Semeni tu. Hata mimi nilijiambia hayo hayo, nikajifunika shuka gubigubi.

Ikaja tena.

"Hodi, mama. Ya leo hii hapa."

Ilikuwa sauti yake kabisa, na ule mkwaruzo wa koo lililokula vumbi la unga miaka nenda rudi.

Niwaeleze kidogo. Mume wangu alikuwa muoka mikate. Alikesha kazini, alfajiri anarudi na mkate mmoja uliotoka tanurini umepinda, ule usiouzika. Nyumba ni yake na ufunguo anao, lakini lazima apige hodi kama mgeni, basi tu utani wake. Mimi aliniita mama. Akiuweka mkate mezani anasema, "Ya leo hii hapa," akimaanisha riziki.

Nikimuuliza ya kesho, anacheka. "Ya kesho Mungu bado anaikanda. Unataka nikaichukue mbichi?"

Sasa huo mkate kila siku ulifika nusu. Nikimuuliza nusu ya pili iko wapi, anajipigapiga tumbo. "Njaa ilinishika njiani." Nikambatiza Bwana Nusu, na jina likamganda hadi kanisani.

Ndiye huyo aliyekuwa ananiita.

Niliinuka, nikafungua mlango. Uchochoro mtupu. Hakuna mtu, hakuna mkate.

Kesho yake vilevile, na siku zilizofuata. Kukipambazuka tu, hodi. Nikawa naamka mapema, nakaa kitandani, naisubiri. Niliiogopa sauti ile, na siku iliyochelewa kuja nililia. Ndivyo nilivyokuwa, sina la kuficha.

Mwanangu mdogo wala hakuogopa. Alijibu kutoka kitandani kwake, "Karibu, baba." Kisha akanigeukia. "Mbona haingii?"

Nikamwambia alale.

Hali nayo ilikuwa ngumu. Mimi ni fundi cherehani, na cherehani yangu ilikuwa imelala. Uchochoroni kwetu hakuna anayepita, hata zipu ya kubadilisha sikuletewa. Dada yangu, kwa nia njema kabisa, akaniambia, "Unga ukikuishia, niletee watoto. Na wewe hama hiyo nyumba, ina mambo."

La watoto nikalikubali. Basi maisha yangu yote yakawa ndani ya kopo moja la unga. Nililificha chini ya kitanda, nikapika uji mwepesi hata ukiangalia unaona chini ya bakuli. Kila nilipochota, nilijua napunguza siku za kukaa na wanangu.

Kusali nilisali, msidhani. Ila katika Sala ya Bwana, nikifika pale pa riziki, nilisema, "Nipe yangu na ya wanangu."

Binti yangu mkubwa akanikatiza. "Mama, umekosea. Ni yetu."

"Si ndiyo hiyo hiyo? Hebu tumalize sala."

Asubuhi moja nikachoka kabisa. Sauti iliposema ya leo hii hapa, nikapandisha ya kwangu.

"Iko wapi? Kila siku ya leo, ya leo. Unga ukiisha watoto wanaondoka. Kama unayo, ilete."

Ukuta ukanijibu.

"Usimgombeze, mwanangu. Yeye hajui hata anasema nini."

Ilikuwa sauti ya mwanamke mzee. Nywele zilinisimama. Kisha akili ikanirudia: sauti hii haikutoka mlangoni. Ilitoka nyuma ya kitanda.

Nyumba yetu imepeana mgongo na nyingine. Kufika mlango wa wale wa nyuma ni mpaka uzunguke hadi barabara kubwa, na sikuwahi kwenda. Siku hiyo nilikwenda.

Mlango ulikuwa wazi. Nilimkuta bibi mmoja kwenye godoro, macho yameingia ukungu. Karibu na ukuta lilining'inia tundu, na ndani yake kasuku wa kijivu.

Kasuku akaniangalia kwa jicho moja. "Hodi, mama," akasema kwa sauti ya mume wangu. "Ya leo hii hapa."

Nikakaa pale pale sakafuni.

"Amekusumbua?" bibi akauliza. "Paa la mbele linavuja, nimemhamishia huku nyuma."

"Hayo maneno ameyasikia kwa nani?"

"Muoka mikate. Kila alfajiri alinipitia na nusu mkate. Siku hizi haji. Nadhani nilimuudhi."

Kumbe "mama" wa hodi ile alikuwa yeye. Siku zote zile nilikuwa naitikia hodi isiyo yangu.

Nikamweleza kwamba muoka mikate amefariki, na mimi ni mkewe. Alilia bila sauti. Alipotulia nikamuuliza jana amekula nini.

"Kasuku alinibakishia njugu," akasema, na hakuwa anatania.

Nilirudi nyumbani, nikalitoa kopo. Nikalipima kwa macho. Tukila wenyewe, tunafika Jumamosi. Tukila naye, ni leo tu. Nilikaa na kopo mapajani muda mrefu, roho inagoma. Mwisho nikasema, "Baba wa mbinguni, leo tu basi," nikaumimina wote.

Uji ulikuwa mzito siku hiyo. Watoto wakaubeba kuzunguka nyumba, na mdogo ndiye aliyepiga hodi.

Tulipokuwa tunakula, binti yangu akamwambia bibi kwamba mama ni fundi ila wateja hawamjui. Bibi akageuza uso upande wangu.

"Mlango wangu unatazama barabara. Lete cherehani yako hapa."

Tukaipeleka, na kabla sijaifuta vumbi akaja bwana mmoja anatembea kinyumenyume kwa aibu. Suruali ilikuwa imempasukia makalioni akienda kazini. Malipo yake ndiyo yaliyotununulia unga wa kesho, na wanangu hawakwenda kokote.

Kopo halijajaa hadi leo. Jioni linabaki vumbi, kesho linapata. Nimezoea, ingawa siku nyingine moyo bado unanidunda.

Na kila alfajiri nilimpelekea bibi chochote tulicho nacho. Kwa kumfurahisha nilisema kama marehemu, "Hodi, mama. Ya leo hii hapa."

Kisha asubuhi moja, nikiwa bado kitandani, ukuta ukapiga hodi. Nikatega sikio nipate sauti ya mume wangu.

Ilikuwa yangu.

Nilisubiri kesho yake, na kesho kutwa. Sauti yake haikurudi tena. Nililia kana kwamba ndiyo kwanza tunamzika.

Mwanangu mdogo akanyanyua kichwa. Akaniangalia, akauangalia ukuta.

"Karibu, mama," akaujibu.

Wewe unayesoma hapa, ukiomba riziki leo usilibadilishe lile neno. Sema yetu. Ukimaliza, nenda kamwone aliye nyuma ya ukuta wako.