Miwani Nyeusi na Wapelelezi wa Zamani

Nimeshaandika riwaya nne za upelelezi, na vijana wanaoandika siku hizi husema sisi wazee tuliwaiga tu waandishi wa zamani: mpelelezi mlevi, kofia, ngumi. Siwalaumu. Nilipokuwa na miaka ishirini, enzi za utawala wa kijeshi, hata mimi niliwadharau wale wa zamani waziwazi.

Baba yangu, koplo wa polisi pale Wandegeya, aliwapenda kupita kiasi. Kitabu chake kimoja hakikuwa na jalada wala mwisho, na bado alikirudia. Nilimuuliza ni mpelelezi gani anapigwa rungu kichwani kila sura, anaamka, anakunywa pombe kali, na hata hatapiki. Na kumfuata mtu mji mzima bila kuonekana, nikamwambia, ni uongo mtupu. Baba akanijibu nijaribu kwanza.

Nikajaribu. Nilivaa koti na miwani nyeusi kwenye jua kali la mchana, nikaenda soko la Nakasero, nikamchagua bwana mmoja mnene aliyebeba mkungu wa matoke. Nilipopita, wauzaji walinyamaza. Mmoja alinisukumia nanasi mkononi, hakutaka malipo. Nikajiona nina kipaji, mpumbavu mimi. Kumbe mji mzima ulijua kuwa wanaovaa hivyo ni wapelelezi wa serikali, na aliyechukuliwa nao harudi.

Yule bwana aligeuka mara tatu, akaongeza mwendo. Nami nikaongeza, nanasi kwapani. Tulikwenda hivyo mpaka Wandegeya, akaingia kituo cha polisi. Nikafurahi, nikidhani mhalifu wangu anajisalimisha.

Kwenye kaunta alikuwapo baba. Yule bwana alikuwa ameshatua matoke na kuvua saa yake ya mkononi.

"Afande, yule amekuja kunichukua," alisema. "Hii saa peleka kwa bibi yangu. Na matoke pia."

Baba alinitazama, mimi na nanasi langu.

"Huyo si mtu ya serikali," akasema. "Huyo ni mtoto yangu. Anaandika kitabu."

Yule bwana alicheka mpaka akakaa sakafuni, kisha akalia. Niliona aibu ambayo haijaniisha. Baba aliniamuru nimbebee matoke mpaka kwake, nikiwa mbele, yule bwana akinifuata nyuma.

Wale waandishi wa zamani nimeshawasamehe ulevi wa wapelelezi wao. Nisichowasamehe ni kwamba, katika vitabu vyao vyote, sijamwona anayefuatwa akivua saa.