Gramu Mia Nne za Shemeji

Bunduki mbili. Geji moja, urefu wa mitutu mmoja, zimetengenezwa karakana moja. Yangu nikailaza kwenye mizani, ikasoma kilo mbili na gramu mia nane.

Ya shemeji, mume wa dada yangu mdogo, ikasoma kilo mbili na gramu mia nne.

Nikapima mara tatu. Mizani haikuwa na kosa.

Nikasema moyoni: huyu ameiba mahali.

Mzee mwenye karakana alikuwa anastaafu. Mteja wetu, mama mmoja daktari wa mifugo anayeshindana kulenga visahani vinavyorushwa hewani, alikuwa ameagiza bunduki ya mitutu miwili iliyolala ubavu kwa ubavu, geji ishirini na nane. Mzee akatwambia, "Kila mmoja atengeneze yake. Mteja akichagua, funguo za karakana ni za aliyechaguliwa."

Mimi nilikuwa na miaka kumi na sita pale. Shemeji mitano, na kazi nilimtafutia mimi.

Kwa msiojua: namba ya geji ikiwa kubwa, tundu ni dogo. Watu hudhani ishirini na nane lazima iwe nyepesi kuliko ishirini. Si lazima. Mimi nilitumia kiunzi, kile chuma cha katikati kinachoshika mitutu, cha geji ishirini kilichokuwa kabatini. Ili mitutu ikae vizuri humo, nje ilibaki nene vilevile huku tundu likiwa dogo. Hapo chuma huongezeka.

Shemeji alichonga kiunzi kidogo kuanzia mwanzo. Halafu kitako cha bunduki yangu kilikuwa cha mti mzito wenye mistari ya kupendeza. Chake mti mwepesi, wa kawaida tu.

Hayo yote niliyajua. Wivu haukutaka kuyasikia.

Mteja akaja, akazishika zote mbili. Ya shemeji akaipandisha begani, akatabasamu. Yangu akaishika kimya. Akasema atarudi Jumamosi kuzijaribu.

Lile tabasamu lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Alipoondoka tu nikamwendea Mzee. "Huyu amenyoa mitutu. Itampasukia mtu usoni."

Mzee aliinuka. Alichukua kipimo cha unene, akakipitisha kwenye mitutu ya shemeji kutoka nyuma hadi mdomoni. Kila mahali unene ulitosha.

Akanitazama juu ya miwani. "Vipimo," ndivyo wanavyoniita pale, "siku hizi unapima kwa macho?"

Shemeji akacheka. "Mwache, Mzee. Shemeji ananipenda, anaogopa nisije nikafungwa."

"Mimi sina utani na wewe," nikamwambia.

"Shemeji, usiponitania wewe, anitanie nani?"

Jioni dada yangu akapita kumchukua mumewe. Keshasikia. "Kaka," akasema taratibu, "hivi ungefurahi kama angekuwa amenyoa kweli?"

Nikajifanya napanga tupa zangu. Jibu lilikuwa ndiyo.

Kesho yake Mzee na shemeji wakiwa wameenda kula, nikafunga mitutu yangu kwenye jiriwa, nikashika tupa. Mchana ule, na kila mchana wiki ile. Nikaondoa gramu mia tatu za chuma kwa nje. Nikapiga msasa, nikaitia rangi upya. Ukiitazama, huoni kitu.

Jumamosi mama daktari akapiga risasi nne kwa bunduki ya shemeji. Akaishusha, akasugua bega.

"Nzuri, lakini kwa wepesi wake inanipiga begani. Fahali alinivunja bega hili. Nataka ile nzito, ile niliyoishika wiki iliyopita. Nimeifikiria wiki nzima."

Mzee akainyanyua yangu ampe. Mkono wake ukasita. Mkono wa miaka arobaini ya kazi hauhitaji mizani.

Akachukua kipimo, akakipitisha. Kisha akaifungua bunduki, akaiweka mezani mbali na risasi.

"Hii haipigwi na mtu," akasema. "Wala leo, wala kesho."

Shemeji akanitazama. Hakucheka. Akachukua bisibisi, akafungua bamba la nyuma ya kitako cha bunduki yake. Ndani kulikuwa na tundu refu alilolitoboa mwenyewe. Akasokota madini ya risasi, yale mazito na laini, akayajaza humo pamoja na pamba ili yasicheze, akafunga.

"Jaribu sasa, mama."

Akapiga nne nyingine. Bega hakuligusa. "Hii," akasema.

Alipoondoka, nikamuuliza shemeji kwa nini hakuniambia lile tundu lipo.

"Ulikwenda kwa Mzee, shemeji. Hukuja kwangu."

Leo funguo anazo yeye, na mimi bado niko meza ya pili. Hakunifukuza, hilo nalo lilinitia wivu kwa muda.

Msomaji, ukimwona mwenzako amekuzidi, muulize amefanyaje. Swali linaweza kukuaibisha kwa dakika moja. Chuma nilichokinyoa hakirudi.