Siku Shule Nzima Ilipokuja Kunililia

Wenzangu mliokalia mabenchi ya Kabambare enzi zile, nisameheni leo nikiwasumbua na mambo ya zamani. Nimetoka kazini nimechoka, miguu imevimba, na mtu akichoka hivi hana pa kukimbilia ila utotoni. Siku hizi ni mwalimu hapa Kasongo, darasa la nne, watoto wamejaa mpaka dirishani. Nikifika nyumbani navua viatu, nakaa barazani, na shule yetu ya kule inanijia yenyewe.

Mnakumbuka kengele yetu? Ilikuwa rimu ya gurudumu la lori, imening'inizwa kwa waya, na aliyepewa kazi ya kuigonga alijiona chifu. Tulifika na umande hadi magotini, mkononi ufagio, mfukoni kipande cha muhogo wa kuchemsha kilichokwisha kupata vumbi la mfuko. Sare ilikuwa moja tu. Ilifuliwa Jumamosi, na mvua ikiizuia kukauka, mtoto alishinda ndani amejifunga kitenge cha mama. Wakati wa mapumziko wavulana walipiga mpira wa majani makavu ya migomba, na sisi wasichana tulicheza nzango, tukiruka na kurushiana miguu mpaka vumbi jekundu litupande kwenye nyusi. Hawa wa leo wakizunguka uwanja mara moja tu wanashika kiuno kama bibi zao. Nikiwaambia tulikuwa tunatembea kutoka vijiji vya mbali kuja shule, wananiuliza pikipiki zilikuwa zimegoma au nini.

Lakini ninachotaka kuwakumbusha ni namna tulivyoitwa majina asubuhi. Mwalimu wetu, Mwalimu Sumaili, aliita jina, na mwenyewe asipoitika, hakuandika akapita. Alingoja. Aliyekaa naye benchi moja ndiye aliyesimama kumsemea: ana homa, amepelekwa shambani kufukuza ndege kwenye mpunga, mama yake amejifungua. Ukisema hujui, basi jioni ulipitia kwao kabla ya kwenda kwenu, ukajue. Hapakuwa na ruhusa ya kutojua. Mama yangu alikuwa akisema, "Mutoto akikosekana ku benchi, mujue nyumba yao iko na neno." Ndivyo habari zilivyotembea shuleni kwetu, kwa miguu ya watoto.

Taabu ilianzia darasa la tatu, kwa sababu kuanzia hapo habari za mwenzako ulitakiwa uzitoe kwa Kifaransa. Loo! Tuliteseka. Wengine walikuja shule hata wakiwa wagonjwa ili tu kuwaokoa wenzao na aibu hiyo.

Mwaka huo baba alikuwa ameondoka na baiskeli kwenda kuuza mchele mbali, akakawia. Mama akashikwa na homa, na mimi nikafuata. Tulilala kitanda kimoja, tukitetemeka kwa zamu. Mihogo ilikuwa shambani, lakini nani aende kuichimba? Jioni Mwamini, mwenzangu wa benchi, akaja kuniangalia. Akakuta chungu kimefudikizwa na jiko limejaa majivu baridi. Mama, ambaye alikuwa mtu wa kujistahi kupita kiasi, akamwambia kutoka kitandani, "Useme tu Zawadi iko na homa. Mambo ya hii nyumba inabakia humu humu." Mwamini akasema ndiyo, mama. Lakini macho alikuwa nayo, na chungu alikiona.

Yaliyofuata darasani alinisimulia mwenyewe mara nyingi, mpaka naona kana kwamba nilikuwapo. Asubuhi jina langu likaitwa, Mwamini akasimama. Alitaka kusema kwamba Zawadi anakufa njaa. Kwetu neno kufa ni la kila siku: redio inakufa, baiskeli inakufa, mtu anakufa usingizi akiwa anakula. Kifaransa cha njaa hakuwa nacho. Cha kufa alikuwa nacho, kutoka kwenye imla ya mbwa aliyekufa. Akakaza macho ukutani, akasema, "Zawadi est mort."

Mwalimu Sumaili, ambaye kosa la sarufi lilimuuma kama jino, akasahihisha papo hapo. "Morte! Zawadi ni mwanamuke. Wote, murudilie!"

Darasa zima likaimba kwa sauti moja, "Zawadi est morte." Ndipo mwalimu akasikia alichokuwa anafundisha, kwamba Zawadi amekufa. Akakaa chini. Mtoto mmoja akaanza kulia, wa pili akadakia, na Mwamini akijaribu kueleza kwamba hapana, si vile, nani wa kumsikia? Direkta, mkuu wa shule, akatoka ofisini, rimu ikagongwa vibaya isivyo saa yake, na shule yote ikafungwa.

Mnajua kwetu hakuna aendaye kilioni mikono mitupu. Watoto walitawanyika majumbani, wakarudi kila mmoja na ukuni begani. Akina mama walipopata habari wakafunga unga kwenye vitambaa, mwingine chupa ya mawese, mwingine mchele, mwingine kuku akining'inia miguu juu. Msafara ukashika njia ya kwetu, na vilio vikatangulia.

Mimi nilikuwa nimelala, nikasikia kilio kinakaribia. Mama akajikokota hadi mlangoni, akishikilia ukuta, akauliza, "Nani amekufa?"

"Zawadi wako, mama weee!"

Nami nikatokea nyuma yake nimejifunga kitenge, nikaomba maji. Mwanamke mmoja wa jirani alitupa unga akakimbia, na mpaka nilipohama Kabambare alikuwa ananipita kwa mbali. Mwalimu Sumaili alinigusa paji la uso, akanigusa tena, kisha akamgeukia Mwamini. Maskini Mwamini akapiga magoti, akasema kwa lugha tuliyozaliwa nayo, "Mwalimu, nilitaka kusema njaa. Hawana chakula. Chungu yao imegeuzwa."

Mama yangu akafunika uso kwa mikono, maana siri yake ilikuwa imetolewa mbele ya shule nzima. Nilimwonea huruma kuliko nilivyojionea mimi. Sasa yule direkta, mtu mfupi asiyependa maneno mengi, akatazama kuni zilizolundikana uani, akasema, "Kitu ya kilio haimurudiake mwenyewe. Mupike." Na kweli, kwetu ukuni uliopelekwa kilioni haurudi nyumbani, ukiurudisha umerudi na msiba. Hakuna aliyethubutu kubeba chake. Bugali likasongwa, sombe la majani ya muhogo likatwangwa, kuku akachinjwa, na waliokuja kuzika wakala na maiti. Kisha wakatupakia kwenye baiskeli mbili mpaka dispansari, mama mbele, mimi nyuma. Mganga alisema tungekawia kidogo tu, mmoja wetu angelithibitisha lile neno la Mwamini.

Baba aliporudi na mchele wake usiouzwa vizuri, mama alimsimulia akicheka huku machozi yanamtoka. "Kama si ile Kifaransa mbovu, ungekuta kaburi," alimwambia. Na shuleni mimi niliitwa Marehemu mpaka nilipomaliza la sita. Marehemu njoo ufute ubao. Marehemu umechelewa. Nilikuwa nakasirika wakati ule. Sasa hapa Kasongo sina hata mmoja wa kuniita hivyo.

Watoto wangu wa sasa hawawezi kukosea namna ile. Kifaransa wamekinyonya kwenye simu za wakubwa, wanakisema puani. Na habari za shule? Tele. Wazazi na walimu tumo kwenye kikundi kimoja cha simu, na kabla sijamaliza chai nimeshajua nani ameota jino. Mimi asubuhi naita majina haraka haraka, asiyekuwapo naweka alama, naendelea, maana watoto ni wengi na muda haupo. Husemwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Zamani tulilazimishwa kulibeba hilo kanda, tukajua uzito wake.

Juzi juzi msichana wangu mmoja, Sakina, alianza kukosa. Mtu akaandika kwenye kikundi kwamba anaumwa. Basi jumbe zikamiminika: pole mtoto mzuri, Mungu akuponye, mikono ya kuomba, maua. Nami niliweka maua yangu. Yalivyozidi kupita majuma nikapata wasiwasi, nikaenda kwao kwa miguu baada ya kazi. Nyumba imefungwa, majani yameota mlangoni. Jirani akaniambia, "Hawa? Walishahama, Madame. Walienda Lusangi kutafuta dhahabu. Na mutoto anaosha mchanga pamoja nao." Hakuwa ameumwa hata siku moja.

Nikaandika kwenye kikundi hapo hapo, nimesimama barabarani: Sakina haumwi, yuko Lusangi mgodini, nani ana ndugu kule wa kuzungumza na wazazi wake? Jibu la kwanza lilikuwa "amina", kama la sala. La pili, apone haraka. Nikazima simu.

Kesho yake darasani nilimwita Rehema, anayekaa benchi lile lile, nikamuuliza kwa upole kama alijua chochote. Mtoto akainamisha kichwa.

"Nilijua, Madame. Aliniambia mbele ya kuenda. Alilia hapa hapa ku benchi. Alisema anaogopa mashimo, na kama mwalimu angeenda kusema na baba yake, pengine baba angemuacha kwa bibi yake asome."

"Sasa mbona hukusema, mwanangu?"

Akanitazama, mtoto wa watu, bila ubaya wowote.

"Ulisoma jina yake kila siku, Madame. Hukuniuliza."