Kiingereza cha Barazani kwa Mwalimu Bakari

Siku ile ya mkutano wa hoteli naikumbuka kwa hasira, mwanangu, na hasira yenyewe haijapoa. Nakuita mwanangu ingawa chuo kikuu nimemaliza juzi tu na mvi sina. Kwetu aliyekutangulia darasani ni mzazi wako. Jana, wewe unayesomea ualimu, ulimcheka mdogo wako kwa sababu Kiingereza chake kilijikwaa mbele ya wageni. Nimelala nalo, nimeamka nalo. Kaa unisikilize.

Watu husema Kiingereza kililetwa hapa na makampuni. Uongo! Alikileta Mwalimu Bakari, ambaye vita vya zamani vilimkimbiza akiwa mtoto, akasomea ng'ambo ya mto Ruvuma, wanakofundisha kwa Kiingereza, akarudi mtu mzima. Alianza kufundisha barazani kwake wakati Kiingereza hakimpatii mtu hata kikombe cha chai. "Cha nini?" walimdhihaki. "Kireno chenyewe tunachofundishwa skola kimetushinda!"

Wanafunzi wake tulitoka madrasa. Kule herufi ikipinda unarudishwa mwanzo, na ni haki, maana ni maneno ya Mungu. Basi na Kiingereza tukakiendea vivyo hivyo: tunayumba mbele na nyuma, tunakariri kwa pamoja, hakuna anayethubutu kufungua kinywa peke yake. Mwalimu akapiga meza.

"Hii si Kurani! Hapa hakuna dhambi. Kosea, we mwana, kosea nikusikie!"

Tangu hapo kila aliyeingia ilimpasa kwanza agombane naye kwa Kiingereza, juu ya bei ya samaki au mbuzi aliyetafuna kanga. Bi Somoe, mama mtu mzima aliyeishi kwa kuchokoa pweza mwambani, aligombana kuliko sisi sote, na alikosea kuliko sisi sote.

Ikaja kampuni moja kutaka kujenga hoteli, na uzio wake ungeziba njia ya wanawake ya kushukia mwambani maji yakipwa. Ukaitishwa mkutano. Akina mama wakasema hawataki. Mkalimani, kijana mmoja nadhifu kutoka mbali, akamgeukia mgeni wa kampuni na kumwambia kwa Kiingereza kitamu kwamba akina mama wanashukuru sana.

Sisi wanafunzi tulisikia. Mimi nilikuwa bado naipanga sentensi kichwani, naipangua, naipanga tena. Bi Somoe hakungoja. Akasimama na Kiingereza chake:

"Mimi hapana shukuru! Wewe funga njia, sisi kula nini? Kula uzio?"

Mkalimani akacheka. Vijana wetu waliosoma wakacheka naye, mmoja akaropoka, "Mama, kaa chini, unatutia aibu!"

Mwalimu Bakari akainuka.

"Aibu? Huyu anaiuza bahari yenu kwa Kiingereza kilichonyooka, hamkuona aibu. Anayewatetea kwa kilichopinda ndiye aibu? Na nyinyi mnaopanga maneno kimoyomoyo, mnampangia nani? Semeni!"

Mgeni alikuwa ameshamwelewa Bi Somoe. Akamnyamazisha mkalimani, akamwuliza mama mwenyewe njia ni ipi. Bi Somoe akamkamata mkono wa shati, huyoo, akamburura hadi pwani akamwonyeshe. Uzio ulipojengwa, njia iliachwa.

Unadhani walimshukuru mwalimu? Kozi za Kiingereza za vyeti zilipofunguliwa, waliosema aibu ndio walioajiriwa kufundisha, yeye akaambiwa hana karatasi. Usisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha, wahenga walisema, na hawa wamesahau hata pwani walikopandia chombo. Mimi nina cheti. Kila nikikitazama naona haya kwa niaba yao.

Sasa nakuambia waziwazi, usije ukasema sikukuambia. Kuteleza si kuanguka. Anayejifunza lugha ya watu usimcheke, msubiri amalize. Haki ikipotea mbele yako, sema kwa ulichonacho, kwani neno zuri linalochelewa humfaa mwongo. Na ukisimama mbele ya darasa lako, anza kwa kuwataja waliofundisha kabla yako, wenye vyeti na wasio na vyeti. Kisha leo hii, kabla ya magharibi, nenda kamtake radhi mdogo wako.

Mungu auzuie ulimi wako kwenye dhihaka, aufungue kwenye haki, na akujaalie wanafunzi wasiokuogopa. Amina.