Niliyemdhamini Siku ya Mvua ya Mawe

Anayedhani nimetunga haya aje Litein, aulize mtu yeyote sokoni kwa nini mwanamume mwenye leseni ya lori anatembea kwa miguu. Atajibiwa kabla hajamaliza swali. Mimi ni mtu wa kuongeza chumvi, sikatai. Nikiona panya nasema nimeona sungura, na nikisimulia mara ya pili yule sungura ameshaota pembe. Lakini hii sijaitia chumvi. Ningaliweza kuipunguza, ningaliipunguza, angalau nipate usingizi.

Nina kibanda cha gemu nyuma ya soko: mabati pande zote, TV moja kubwa, mabenchi mawili. Nilikifungua baada ya kumaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni, nikiwa na ndevu na mke, mtu mzima niliyekaa dawati moja na watu wazima wenzangu tukigombania kifutio. Lakini gemu haikuwa ndoto yangu. Ndoto yangu ilikuwa lori la majani ya chai. Umewahi kumwona dereva wa lori la majani akiingia kituo cha kuuzia chai, wakulima wote wamesimama na magunia yao wakimngoja yeye? Hata chifu hangojwi hivyo. Basi leseni nikapata, na kiwanda kimoja ambacho sitakitaja kikaniahidi kazi. Mke wangu alikuwa ameshawaambia wanawake wote wa kanisani, na nadhani hata ng'ombe alikuwa na habari.

Shida ilikuwa moja. Tangu nifaulu mtihani sikuwa nimegusa lori tena, na siku ya kuanza ilikuwa inakaribia. Nikaona nifanye mazoezi kwenye gemu.

Nilikuwa na usukani wa gemu wa zamani, na pedali zake, ambao kwenye mashine yangu ya kwanza ulikuwa mtamu ajabu. Ukikata kona vibaya unakutingisha mikono kama lori la kweli. Lakini vijana waliichoka ile mashine, nikanunua mpya, na nilipochomeka usukani, mashine ikautazama kama askari anavyomtazama mtu asiye na kitambulisho. Waya uliingia kwenye tundu vizuri kabisa. Taa haikuwaka. Wenye kutengeneza hizi mashine mpya wamezifundisha kutambua watu wa nyumbani peke yao, na kitu cha zamani, hata kiwe kizima namna gani, kinaachwa mlangoni.

Rafiki yangu wa Kericho mjini akaniletea adapta. Nisikilize vizuri hapa, maana ndipo yote yalipoharibikia. Ile adapta ina matundu mawili. Moja unachomeka usukani wa zamani. La pili unachomeka padi ya mashine yenyewe, ile ya kuchezea kwa vidole, ambayo mashine inaijua. Padi haichezi, kazi yake ni kuapa tu. Mashine ikiuliza, "Huyu ni nani?" padi inajibu, "Ni wetu, namjua." Na baada ya muda mashine inauliza tena, na padi ikikosa kujibu, usukani unakatwa hapo hapo katikati ya barabara. Ni kama mkopo wa chama: hupewi mpaka mtu anayejulikana akusimamie.

Sasa padi yangu ilikuwa na waya uliolegea. Isipokuwa umeufinya kwa kidole gumba, haijibu. Kwa hivyo ili mtu mmoja aendeshe, ilibidi mwingine akae kando ameshika. Vijana walinicheka sana. "Boss," wakasema, "umenunua gari ya kusukumwa."

Siku yenyewe ilikuwa alasiri. Huku kwetu mvua ya mawe haiombi ruhusa. Mbingu ziligeuka nyeusi kama ndani ya kibuyu cha maziwa ya mursik, taa zikawashwa madukani, na yale mawe yakaanza kupiga mabati. Yalikuwa makubwa kama mayai ya bata. Sawa, ya kuku. Vijana wote walikimbia kabla hayajaanza, nikabaki peke yangu na ule usukani nikijaribu kuushika kwa mkono mmoja na kufinya waya kwa mwingine.

Nikahisi harufu ya majani ya chai. Si chai ya kikombe. Majani mabichi yaliyokaa kwenye gunia mpaka yakapata joto. Nikainua kichwa, nikamwona mzee amesimama ndani ya mlango, koti la kazi la kaki, gamubuti, kofia mkononi. Koti lilikuwa kavu. Niliona kwamba ni kavu, niamini, na nikajiambia labda alikuja kabla ya mvua. Mtu hujiambia mengi.

"Chamgei, mzee," nikamsalimu.

"Habari yako, kijana." Kiswahili chake kilikuwa cha watu wa upande wa ziwa, kizito na taratibu. Akaangalia usukani. "Hiyo inaendesha?"

"Inaendesha, lakini mashine haiitambui. Ni ya zamani."

"Ya zamani haitambuliwi," akasema, kama mtu anayeelezwa habari za kwao. "Hata ikiwa njia inaijua?"

Nikacheka, nikamweleza habari ya padi kama nilivyokueleza wewe, na mifano yote, maana nikipata msikilizaji mimi hujiona mwalimu. Alinisikiliza bila kupepesa macho. Kisha akauliza, "Na mimi nikiendesha, nani atashika?"

"Mimi."

"Utanidhamini?"

"Nitakudhamini, mzee wangu. Mpaka ufike."

Nani alinituma kuongeza yale maneno mawili ya mwisho? Hakuna. Ni huu mdomo wangu.

Akaketi, akaweka mguu kwenye pedali bila kuangalia chini, na hapo nikajua ni dereva. Nilikuwa nimeweka gemu ya malori ya nchi za theluji. Theluji haikuja. Skrini ilionyesha barabara ya murramu, chai kulia, chai kushoto, ukungu, na kituo cha kuuzia majani chenye bati lililopinda pembeni. Lile bati nalijua. Nimeuzia majani ya mama yangu chini ya bati hilo miaka nenda miaka rudi. Ilikuwa barabara yetu, ile inayoteremka kwenye kijito, na mbele yake kona ya mikaratusi.

Nilitaka kusema kitu, lakini lori lilikuwa limeshashika mteremko. Kwenye kona usukani ukamtingisha mikono, lori likaacha barabara na kuingia kwenye miti. Skrini ikawa nyeusi. Mzee hakushtuka. Alipumua tu, kama mtu aliyezoea.

"Tena," akasema. "Kaza kidole, kijana. Wewe ukilegea, mimi napotea."

Akarudia, akaanguka tena pale pale. Kidole gumba changu kilikuwa kimeanza kufa ganzi na nilitaka kukitoa. Hakikutoka. Sisemi kilinata, nasema nilikiambia toka, hakikutoka.

Mara iliyofuata aliingia kwenye kona polepole sana, na lori likapita. Na wakati linapita, kando ya barabara, chini ya mikaratusi, palikuwa na mtu amesimama. Sweta ya kahawia, kiwiko kimeshonwa kwa uzi mwekundu. Mke wangu ndiye aliyekishona kile kiwiko, na uzi wa kahawia ulikuwa umemwishia. Ile sweta nilikuwa nimeivaa.

Mzee hakugeuza kichwa. Akateremka na lori lake, chai ikaisha, yakaja mashamba ya miwa, likaja joto ambalo mimi nililihisi usoni nikiwa Litein, na mwishowe boma lenye ua wa minyaa na maji yanang'aa nyuma yake. Akasimamisha lori getini. Akafunika uso kwa mikono.

"Nimefika," akasema. "Asante, mdhamini."

Mawe yakanyamaza juu ya mabati, yote kwa mara moja. Kidole changu kikaachilia. Benchi lilikuwa tupu, na ule usukani, nilipougusa, ulikuwa na jasho.

Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta ni Mama Achieng', anayeuza chai na mandazi, na kwao pia ni upande wa ziwa. Niliingia kwake mbio, nikamweleza yote. Akaweka birika chini.

"Koti la kaki?" akauliza. "Na gamubuti?"

Akaniambia palikuwa na dereva wa lori la majani, mtu wa kwao, aliyefia kwenye ile kona zamani kidogo. Mwili ulipelekwa nyumbani ukazikwa. "Lakini sisi, nyathina, mwanangu, mtu akifia barabarani, watu wake lazima waje mahali pale pale. Wanamwita kwa jina lake, wanamwambia, twende nyumbani. Bila hivyo anabaki. Huyo ndugu zake walikosana juu ya shamba, hakuna aliyekuja."

"Basi sasa amefika," nikasema. "Si ni vizuri?"

Aliuliza, "Wewe ulimwambia nini?"

"Nilimdhamini."

Mama Achieng' akavuta kigoda akaketi. "Na pale kwenye kona amebaki nani?"

Jibu lililetwa na Kipkirui, mwendesha boda. Alinikuta sokoni akaanza kunitania: "Umepata kazi ya kiwanda, sasa salamu hutaki. Nimekupungia mkono pale kona ya mikaratusi, ukaniangalia kama mti." Nikamwambia sijatoka kibandani. Akadhani namchezea. Kisha shemeji yangu akaniona pale. Kisha mzee wa kanisa. Wote walisema hivyo hivyo: nimesimama, siongei, nimevaa sweta ya kahawia. Sweta nilikuwa nimeshaichoma jikoni.

Siku ya kwanza ya kazi nikaenda. Ningefanyaje? Ndiyo kazi niliyoiota, na mke wangu alinipikia kuku. Nikapewa lori na tanboi, yaani utingo, anayeitwa Langat, mtu mzima mwenye watoto, si wa kuona vitu. Tukajaza magunia kituo cha kwanza, cha pili, mikono yangu imetulia kabisa, nikaanza hata kupiga mluzi. Tukaanza kuteremka kwenye kijito. Ukungu ulikuwa umekaa barabarani.

Alikuwa amesimama pale pale. Akainua mkono kuomba lifti. Kidole gumba changu kikafa ganzi mpaka begani, na nikafunga breki.

"Boss, mbona tunasimama?" Langat akauliza.

"Kuna mtu pale?" nikamwuliza, nikiomba Mungu aseme hapana.

Langat akachungulia. "Namwona," akasema. "Ni ndugu yako? Mnafanana sana."

Sina ndugu. Nilimwambia Langat afunge mlango wake na asiangalie pembeni, nikapitisha lori kwa gia ya kwanza huku nalia kama mtoto, nikafika kiwandani, nikakabidhi ufunguo. Sijashika usukani tena, wa lori wala wa gemu. Kazi alipewa mwingine, na mke wangu alilazimika kuwaeleza wale wanawake wa kanisani kitu fulani. Hajaniambia ni kitu gani.

Mama Achieng' anasema dawa ni moja, watu wa damu yangu waende kwenye kona waniite kwa jina. Nikampelekea mama yangu hilo ombi. Mama ni mwenyekiti wa akina mama kanisani, hana mchezo. "Wanaoitwa ni waliokufa," akasema. "Nitakuitaje barabarani, na wewe uko hapa unamaliza mboga yangu?" Pasta akaja akaomba, akamwaga machozi, kila kitu. Jioni hiyo hiyo Kipkirui akaniona kwenye kona.

Kwa hivyo nakuonya wewe unayesoma. Kitu cha zamani kikikataliwa na mashine mpya, kiache kikataliwe, na mtu usiyemjua akikuomba usimame badala yake, muulize kwanza anatoka wapi na anaenda wapi. Na kama una gari, na njia yako inapita kwenye mikaratusi kati ya Litein na kijito, usisimame wakati wa ukungu. Juzi dereva mmoja wa pikapu alisimama, kwa huruma tu. Anasema yule mtu aliingia, akamwelekeza njia vizuri, kulia, kushoto, mpaka karibu na geti langu, kisha akashuka akasema atamalizia mwenyewe. Mimi nilikuwa ndani, nakula. Mke wangu alisikia hodi, na sauti ilikuwa yangu, ndiyo sababu aliinuka kufungua. Nilimshika mkono. Siku moja sitakuwepo nyumbani kumshika.