Mfereji Alioupanga Baba

Siku moja naikumbuka, mwanangu, hata harufu ya ukumbi ule wa mtihani bado ninayo: dawa ya sakafu na makoti yaliyolowa ukungu. Ilikuwa Lushoto mjini, miaka ile ya Azimio la Arusha. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini, nimetoka nyumbani karibu na Mlalo na viatu mkononi ili visichafuke njiani. Tulikuja kushindania nafasi za chuo cha maofisa wa maendeleo. Mtihani ulikuwa insha tatu za siasa na uchumi kwa saa tatu, na aliyeshindwa aliruhusiwa kurudia mara moja tu.

Hofu sikuwa nayo hata chembe. Kijijini kwetu mimi ndiye niliyewasomea watu gazeti mkutanoni, na maneno kama ubeberu na unyonyaji niliyatamka mpaka wazee wakatikisa vichwa kwa furaha. Swali la kwanza liliuliza kama kilimo cha pamoja kingeweza kuinua hali ya mkulima mwenye kishamba kidogo cha mlimani. Nikatabasamu, nikakunja mikono ya sweta, nikaanza kuandika papo hapo. Nilianza na Wajerumani: walivyokuja, walivyojenga, walivyotutoza kodi. Nikapita kwa Waingereza, nao nikawapa kurasa tatu. Ndiyo kwanza nashusha bendera yao nipandishe yetu, msimamizi akagonga meza. "Kalamu chini!" Yule mkulima wa kishamba kidogo sikuwa nimemgusa, na maswali mawili yaliyobaki hayakuwa na hata neno moja la jibu.

Unacheka? Cheka tu, siku hizi nami nacheka. Siku ile nililia njia nzima.

Nyumbani tulikuwa wawili, mimi na baba. Mama alikuwa ametangulia, na kaka zangu walikuwa kwenye mashamba ya mkonge huko chini Korogwe. Baba alikuwa mtu mkavu, mwenye ugoro mfukoni na ulimi usiobembeleza. Aliniita mama kwa sababu nilirithi jina la mama yake, na hata alipokuwa ananigombeza aliniita hivyo hivyo. Tuliongea Kishambaa, mwanangu. Haya ninayokuandikia ni maneno yake, lakini ladha yake imebaki kule kule. Alikuwa na shamba moja la maharage mteremkoni ambalo kiangazi kililikausha kabisa. Kwa miaka mingi alitamani kuchimba mfereji wa kuleta maji kutoka kijitoni ili apande kabichi. Kazi ile ilihitaji watu wawili, na wa pili nilikuwa mimi.

Matokeo yalipotoka na jina langu halipo, nilikaa wiki nzima nikiandika tena ile insha, ndefu kuliko ya kwanza. Jioni moja nikamsomea baba akiwa anapukuchua maharage. Nilisoma mpaka sauti ikakauka. Yeye akaendelea na maharage yake.

"Sasa mama," akasema hatimaye, "wewe mwenyewe unasema kinaweza au hakiwezi?"

"Kinaweza, baba, ila watu wenyewe wakubaliane nani analima wapi."

"Mbona hilo sijalisikia?"

"Liko mwishoni. Sijafika."

Akacheka kicheko kimoja kifupi. "Umetutembeza huko kote, na unakotupeleka hujui utafika lini. Kesho usishike kalamu. Tunakwenda shambani."

Asubuhi alikata vijiti vya tughutu, ule mti tunaozungushia nyua, akanitwisha mzigo mzima. Mimi nikaelekea juu kijitoni, maana maji yako huko. Akanifokea. Kigingi cha kwanza alikichomeka chini, kwenye kona ya shamba, pale pale alipotaka maji yaingie. Kutoka hapo tukapanda kinyumenyume, hatua kwa hatua. Alikuwa na gome la mgomba lililopinda vizuri kama mfereji mdogo, analiweka chini, anatia maji kidogo na kutazama yanaelekea upande gani. Yakielekea shambani, tunachomeka kijiti. Yakigoma, tunahamia pembeni.

"Ukianza kijitoni," aliniambia, "maji yatakuburuta yanakotaka yenyewe. Utachimba mwezi mzima, halafu jirani ndiye atakayenywesha kabichi zake."

Mahali fulani tulikuta jiwe kubwa limezikwa na majani. Nikataka tujifanye hatujaliona. Baba akasema jiwe lile litatusubiri hata kama hatulitazami, akapanga vijiti vikalizunguka. Siku mbili tulifanya kazi ile. Tulipomaliza, mstari wa vijiti ulikata mteremko mzima kutoka shambani hadi kijitoni, na jembe hatujalipiga hata mara moja.

Ndipo akaniambia nikachukue karatasi.

Miezi iliyofuata nilijifunza hivyo. Nalisoma swali mara mbili na kupigia mstari lile neno linaloniamrisha: jadili, au eleza, au linganisha. Halafu chini kabisa ya karatasi naandika jibu langu kwa sentensi moja. Kutoka hapo napanda: ili mtu akubali hili, ni lazima kwanza akubali nini? Na kabla ya hilo? Baba alikaa mlangoni na ugoro wake akiniuliza, "Anayekubishia ni nani, na anasema nini?" Lile lilikuwa jiwe letu, nilitakiwa kulitaja na kulizunguka. Nikileta maneno ya gazetini aliuliza, "Umemwona nani akifanya hivyo?" Basi natafuta mtu ninayemjua au shamba nililolipita kwa miguu yangu.

Siku moja nilipokosa mfano, akanisimulia alivyowekwa ndani zamani za mkoloni kwa kukataa kulima matuta ya kuzuia mmomonyoko. Sikuwa nimewahi kulisikia.

"Udongo ulikuwa unakwenda, mama, tuliuona kwa macho," alisema. "Lakini walitupangia mstari wao bila kutuuliza maji tunayataka wapi."

Nilirudi Lushoto kwa mara ya mwisho. Nakala ya maswali ilipotua mezani, niliisoma yote kwanza. Swali la pili liliuliza kwa nini wakulima wa milimani walikataa amri za kuhifadhi ardhi wakati ardhi yao ilikuwa inaharibika kweli. Niliona aibu nzuri, kama mtu aliyetajwa kwa jina mbele za watu. Wenzangu walikuwa wameshaanza kuandika, kalamu zinakwaruza ukumbi mzima, na moyo ukaniambia wananiacha. Nikaligeuza karatasi. Nikaandika chini kabisa maneno ya baba, nikapanda nayo taratibu. Dakika kumi zilipita sijaandika hata mstari wa insha yenyewe. Baada ya hapo sikusimama. Kila insha niliipa sehemu yake ya muda, na zote tatu nikazimaliza, nikabaki na dakika za kuzisoma tena.

Jina langu lilikuwa la nne kwenye orodha iliyobandikwa ofisini. Baba alilishika lile karatasi la kuitwa chuoni akaligeuza juu chini, maana kusoma alikujua kidogo tu. Vijiti vyetu bado vilikuwa vimesimama mlimani. Nikamwambia nitamwomba mkuu wa chuo anipe wiki mbili, nibaki tuchimbe.

"Nenda," akasema. "Tutachimba ukirudi likizo."

Akanisindikiza mpaka kwenye basi la Mombo, akasimama na kofia yake mkononi hadi tukakata kona.

Likizo ya kwanza ilikuwa mvua tupu. Ya pili nilialikwa na wenzangu mjini. Nikamwandikia baba kwamba nina kazi, na kazi yenyewe haikuwepo. Kabla ya likizo ya tatu ilifika simu ya maandishi. Nilifika Mlalo nikakuta wameshamzika. Sikuchimba mfereji ule hata urefu wa mkono.

Ninamkumbuka, mwanangu. Nimekuwa mzee kumpita yeye alivyokuwa, na bado natamani nikae mlangoni pale anigombeze kwa Kishambaa. Ukija kwetu utaona mstari wa mitughutu umekata mteremko pasipo na mpaka wa mtu yeyote. Wageni huuliza nani alipanda ua katikati ya mlima. Ni vile vijiti. Alivikata vibichi, vikaota mizizi, na mpaka leo vinaonyesha njia ya maji ambayo hayajapita.

Sasa nawe unakwenda kushindania nafasi kwa insha za siasa na uchumi, na umeniomba neno. Neno langu ni hili. Usiandike kwa kuwa wenzako wameanza kuandika. Jua kwanza unataka kumfikisha wapi anayekusoma, uandike mahali hapo kwa sentensi moja, kisha uipange njia ukitokea huko. Mtaje anayekupinga. Mtaje mtu unayemjua. Gawa muda wako kabla haujakuishia. Lakini mpango ukishakaa sawa, anza kuchimba, maana msahihishaji hatoi alama kwa vijiti. Na hilo si la mtihani peke yake. Kama kuna mtu mliyepanga naye jambo, usimwandikie kwamba una kazi. Rudi mlimalize angali anaweza kulishika jembe.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akupe swali unalolijua na dakika za kutosha kulimaliza, na siku utakayorudi, umkute aliyekusindikiza amesimama pale pale ulipomwacha, na kofia yake mkononi.