Fundi wa Kupiga Windo

Kabla ya kompyuta, Hamzah bin Sleiman alikuwa akitengeneza redio pale Konde, karibu na soko. Alikuwa mtu mpole, mrefu, mwenye macho ya mbali. Ulipozungumza naye alikuitikia vizuri, lakini roho yake ilikuwa kwengine. Mkewe, Mize, alikwishazoea.

Kiasi cha mwaka 2003, shemeji yake alirudi kutoka Maskati na kompyuta moja kuukuu. Hamzah aliifungua, akaitawanya juu ya mkeka, akaiunga tena mpaka akaijua kama aijuavyo nyumba yake. Tangu hapo akawa fundi wa kupiga windo, yaani kuitia kompyuta upya programu yake kuu. Mashine ikijaa virusi au ikigoma kuwaka, aliitwa yeye kuifuta na kuipanga upya. Alikwenda kwa vespa, Wete, Micheweni, hata Chokocho kule kusini, na begi la turubai lenye sidi za programu arobaini na kitu. Kila moja aliiandika kwa mkono wake: ya barua, ya hesabu, ya picha, ya kuua virusi.

Kilichompendeza zaidi ni ile nusu saa ya kungoja windo iingie, mstari wa buluu ukijijaza taratibu kwenye kioo. Hapo alijiona yuko katika nyumba tupu, anaingiza vyombo chumba baada ya chumba: hapa kitanda, hapa kabati, hapa taa. Watu wa ofisi walidhani amesinzia.

Mambo yalikwenda hivyo zaidi ya miaka kumi. Kisha mwaka 2016, bendera za vyama bado zikichakaa juu ya paa baada ya uchaguzi, aliitwa na skuli moja ya Micheweni. Mwalimu Intisar, msomeshaji wa jiografia, alimzuia mkono alipofungua begi.

"Fundi, hino usiitie kitu. Haina haja."

"Barua utaandikia wapi, Mwalimu?"

Intisar alifungua kivinjari, ile programu ya kuingilia kwenye intaneti. Hamzah siku zote aliihesabu kuwa ni mlango tu wa kutokea nje. Sasa aliona humo humo mna barua, maksi za wanafunzi, ramani za dunia nzima. Hapana hata kimoja kilichokuwa kimewekwa ndani ya mashine.

"Itakuja siku," Intisar alisema, "kompyuta haitakuwa na kitu ila kivinjari. Yaliyobaki yote yatakuwa huko."

"Huko wapi?"

Intisar alicheka. "Huko, Fundi."

Hamzah alirudi Konde, akajinyoosha barazani mchana kutwa. Aliwaza nyumba isiyo na vyombo, ina dirisha moja tu, lakini kila unachokitaka unakipata kwa kunyoosha mkono nje. Nyumba hiyo ilimtisha, na ilimvutia.

Mize alimwekea chai. "Baba Ridha, umefiwa?"

"Nimefiwa na kazi."

"Kazi haifi. Imehama. Basi nawe hama nayo."

Ghala ya ile skuli ilikuwa na kompyuta kumi na mbili za msaada, diski zake zote zimekufa. Hamzah aliziomba. Kwa miezi miwili alizichezea, mpaka akapata namna ya kuziwasha kwa flashi ndogo tu. Ukibonyeza, kinafunguka kivinjari, basi. Hakuna kitu kingine cha kufungua.

Siku ya kuzionesha, wazazi walialikwa. Mwalimu mkuu, Maalim Othman, alisoma dua, Hamzah akawasha. Vioo kumi na viwili viliwaka, vikabaki vyeupe. Asubuhi ile mtandao ulikuwa umekatika Micheweni nzima.

Mama mmoja mkulima wa mwani, Bi Mwanawema, alisogea akachungulia. "Fundi, mbona zote zimeingia ukungu?"

Watu walicheka. Hamzah naye alijaribu kucheka, akashindwa. Alifunga begi lake, akaondoka bila ya kula biriani aliyopikiwa.

Siku tatu alishinda barazani akiwaza. Ya nne alirudi Micheweni na mashine yake mwenyewe, ile aliyoitegemea kwa kazi, akaiweka ndani ya kabati la vitabu. Alivuta waya kutoka kabatini hadi kwenye zile kumi na mbili. Ndani ya mashine hiyo alikusanya masomo, kamusi na ramani, kila alichoweza kukichota mtandao ulipokuwepo.

"Kivinjari hakijali," alimwambia Intisar, uso umemng'aa. "Ukurasa ukitoka ng'ambo, ukitoka kabatini, kwake ni mamoja."

Wanafunzi walisoma. Kisha Intisar akawataka waandike kurasa zao wenyewe. Binti wa Mwanawema, Shadya, aliandika habari za mwani: mbegu, kamba, na maji ya bamvua, yale yanayojaa na kupwa sana.

Mwanawema alipopata habari alikuja kutazama. Hamzah alimfungulia ukurasa wa binti yake. Alisoma kwa kidole, neno baada ya neno, akitabasamu. Kisha kidole kikasimama.

"Hapa kakosea. Mbegu haifungwi karibu karibu vino. Ikikua itasongana."

"Sahihisha, Bi Mwanawema."

"Mie?"

"Weye. Bonyeza hapa."

Alibonyeza herufi moja, akaitafuta ya pili. Mstari mmoja ulimchukua muda mrefu. Hamzah alisimama nyuma yake bila ya kumharakisha, na kwa mara ya kwanza hakutamani kuwa kwengine.

"Na wa Wete wataona?" Mwanawema aliuliza.

"Mtandao ukirudi, nitaupeleka ukurasa huu. Wataona."

Wiki ya pili Mwanawema alikuja na wakulima wenzake wawili moja kwa moja kutoka pwani, chumvi bado imewakaukia mikononi. Walivuta viti mbele ya ukurasa wa Shadya, wakabishana juu ya siku za bamvua mpaka ikaadhiniwa alasiri.